Wao Wana Q, Sisi Tuna Maana

Katika lugha ya Kiingereza mna herufi moja isiyotoka nje peke yake. Herufi hiyo ni Q. Popote iendapo hufuatana na U, kama biharusi wa zamani na somo yake. Watoto wetu hufundishwa kanuni hii tangu madarasa ya chini, nao hukua wakiamini kwamba Q isiyo na U nyuma yake ni kosa la kukatwa kwa wino mwekundu.

Lakini hebu fungua kamusi kubwa ya Kiingereza, uitafute Q iliyoachana na U, na hapo utastaajabu. Utakuta maneno mafupi mafupi, ya herufi tatu, nne au tano: 'qat', 'suq', 'qadi', 'qaid', 'waqf', 'talaq', 'qibla', 'faqir'. Mtu wa Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga hahitaji kamusi ili kuyafahamu. Ni miraa, ni soko, ni kadhi, ni wakfu, ni talaka, ni kibula, ni fakiri. Labda litakalompa taabu ni 'qaid' peke yake, ambalo ni jina la mkuu wa mji au wa kabila katika nchi za Maghribi. Hayo mengine yote ameyanyonya pamoja na maziwa ya mama.

Basi leo nataka tuyazungumze maneno haya, kwa sababu nimeona jambo ndani yake linalotuhusu sana sisi watu wa pwani. Waingereza wameyachukua wakaihifadhi herufi na maana wakaipunguza. Waswahili tumeyachukua tukaihifadhi maana na herufi tukaiacha. Nami naogopa kwamba vijana wetu wa leo, wanaosoma Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili na kuliko msahafu, watakuja kukosa vyote viwili.

Hofu hii ilinijia kwa kutazama mchezo. Uko mchezo wa maneno uitwao Scrabble, na bila shaka wengi wenu mmeuona mashuleni au majumbani. Aliyeubuni ni Mmarekani mmoja, Alfred Butts, fundi wa kuchora ramani za majumba, aliyepoteza kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka katika miaka ya 1930. Mtu huyu alikaa akahesabu katika kurasa za magazeti kila herufi inatokea mara ngapi, kisha akazipa herufi bei kwa kadiri ya uchache wake. Mwaka 1948 mwenziwe, James Brunot, ndiye aliyeupa mchezo jina hilo tunalolijua.

Katika seti ya Kiingereza mna vibao 100. E ziko 12, na kila moja ni pointi moja tu. Q iko moja, nayo ina pointi 10. Sasa tazama mtego wake. U ziko nne tu, na huenda zote zikawa zimeshatumiwa, au ziko mikononi mwa mwenzako. Ukimaliza mchezo nawe ungali na Q mkononi, pointi zake hukatwa katika hesabu yako. Yaani utajiri ule ule hugeuka deni. Ndiyo maana wachezaji hodari hujifunza kwa moyo maneno yote yenye Q isiyohitaji U. Na wanapoyatafuta maneno hayo hujikuta mlangoni kwa nani? Mlangoni kwa Mwarabu na kwa Mwislamu. Liko neno la Kichina la herufi mbili, 'qi', lenye maana ya pumzi au nguvu ya uhai, nalo wanalipenda mno. Yako na machache ya lugha nyingine. Lakini sehemu kubwa ni yale yaliyotoka chuoni, msikitini, sokoni na mahakamani kwetu.

Hapo sina ugomvi na mtu. Lugha huazimana kama majirani wanavyoazimana kinu na mbuzi ya kukunia nazi. Linalonikera ni kwamba katika mchezo huu maana haina kazi. Huulizwi neno hili ni nini. Huulizwa limo katika orodha au halimo. Mwaka 2015 bingwa mmoja wa New Zealand, Nigel Richards, alikwenda Ubelgiji akashinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa, ilhali Kifaransa chenyewe hakisemi. Alikuwa ameyahifadhi maneno katika kamusi yao kama mtu anayehifadhi nambari. Simdharau, kuhifadhi ni kipawa, na sisi tuliopita chuoni tunajua thamani ya kuhifadhi. Lakini maalimu zetu walituambia pia kwamba anayehifadhi asitosheke na hapo, bali ajitahidi afahamu.

Siku moja nilimkuta kijana wa jamaa yangu akicheza na wenzake barazani. Aliweka vibao vinne, W, A, Q na F, akarudi nyuma akitabasamu. Nikamwuliza, "Hilo neno lina maana gani?" Akanijibu, "Ni pointi 19, ami." Wenzake wakacheka. Kijana huyo husali katika msikiti ambao mapato ya maduka ya wakfu ndiyo yanayoutengeneza, na maji anayotawadhia hapo ni ya kisima cha wakfu. Neno lilikuwa mkononi mwake na chini ya miguu yake, naye hakuziunganisha mbili hizo.

Basi na tuyachukue maneno haya moja moja, tuone kamusi inasema nini na sisi tunajua nini.

Tuanze na hilo hilo 'waqf'. Kamusi ya Kiingereza itakwambia ni mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au sadaka. Si uongo. Lakini asili ya neno ni kusimama. Mwenye kusoma msahafu anaijua wakfu nyingine, ile alama ya kituo inayomwambia msomaji atue avute pumzi. Na mali ya wakfu ni mali iliyosimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Asili inakaa mahali pake, na faida yake ndiyo inayotembea kwenda kwa mafukara, kwa wanafunzi, kwa msikiti, au kwa kizazi cha yule aliyeiweka. Sheria za Kenya zimeitambua wakfu tangu enzi za utawala wa Mwingereza, na wakawekwa makamishna wa kuisimamia. Hata hivyo, kila mkaazi wa miji yetu ya kale amesikia habari ya shamba, kiwanja au hata makaburi ambayo wazee waliyasimamisha na wajukuu wakayatembeza mpaka yakafika kwa wenye pesa. Mjukuu akishasahau kwamba neno hili maana yake ni kusimama, nani atamzuia asiuze? Hapa, ndugu zangu, kupotea kwa maana si jambo la wanafunzi wa lugha peke yao. Ni ekari za ardhi.

Likifuata 'qadi', kamusi itasema ni hakimu wa Kiislamu. Na tazama ajabu ya herufi: ukizipanga upya herufi nne zile zile unapata 'qaid', mkuu wa watu. Kwa Kiingereza maneno haya ni ndugu, na mchezaji huweza kugeuza moja kuwa jingine, kila moja kwa pointi 14. Lakini kwa Kiarabu hayana udugu wowote. La kadhi lina herufi dhadi, nalo linatokana na kukata hukumu. La mkuu lina herufi dali, nalo linatokana na kuongoza, kama anayemshika mnyama kamba akatangulia mbele. Mwingereza hana dhadi, basi zote mbili akazifanya D moja. Sisi Waswahili hapo tulimshinda, maana tuliiweka 'dh' tukasema kadhi.

Jina hili la kadhi limesafiri sana. Wahispania walilichukua pamoja na 'al' yake likawa 'alcalde', nalo kwao leo ni mkuu wa mji. Huko Marekani, mwaka 1949, jaji mmoja wa Mahakama Kuu yao, Felix Frankfurter, aliandika katika hukumu kwamba wao hawakai kama kadhi chini ya mti wakiamua kila jambo kama linavyowapendeza. Maneno hayo yamekaririwa mara nyingi na wanasheria. Je, kadhi wa Kiislamu huamua anavyopenda? La hasha! Kadhi ana vitabu, ana madhehebu, ana mashahidi na viapo. Hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezitaja mahakama za kadhi na kuzipa mipaka: hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Msomi mkubwa wa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyo hakuwa mtu wa kukaa chini ya mti na kubahatisha. Lakini jaji wa ng'ambo alilipata neno bila ya maana, akalitumia kama tusi, nasi tunafundisha watoto wetu Kiingereza hicho hicho bila ya kuwaambia neno.

'Talaq' nalo. Lilijaa katika magazeti ya Kiingereza mwaka 2017, pale Mahakama Kuu ya India ilipobatilisha talaka tatu zitolewazo kwa pamoja, na mwaka 2019 ikatungwa sheria huko ya kumwadhibu mwenye kuzitoa. Msomaji wa Kiingereza aliyeanza kulisikia neno hapo anadhani kwamba talaka kwa Mwislamu ni mume kutamka mara tatu na mambo yakaisha. Hajui habari ya eda, hajui kwamba kuna talaka yenye rejea, hajui kwamba kabla ya kufika huko imeamrishwa atafutwe mpatanishi wa upande wa mume na mpatanishi wa upande wa mke. Na katika ubao wa mchezo ule iko miraba inayozidisha pointi mara tatu! Nimeshuhudia 'talaq' ikiangukia hapo, vijana wakashangilia pointi 42. Nikasema moyoni, hii ndiyo talaka tatu pekee inayomfurahisha mtu.

'Suq' ni neno la kuchekesha kidogo. Mwingereza alikwenda Misri na Maghribi, akaliona soko la Waarabu, akapendezwa na neno akalichukua, huku yeye nyumbani kwake akiwa na neno la soko tangu zamani. Nasi watu wa Mombasa, wenye neno soko tulilolitoa kwa Mwarabu huyo huyo, tulipojengewa soko kubwa mjini tuliliitaje? Marikiti! Neno la Mwingereza. Basi yeye huenda 'suq' nasi twaenda marikiti, kila mmoja na kikapu cha mwenziwe. Hapo hapana aliyedhulumiwa. Hivyo ndivyo maazimano mazuri yanavyokuwa, maana pande zote mbili zilijua walichokichukua.

Na 'qat'? Kamusi inasema ni mti ambao majani yake hutafunwa yakachangamsha. Mtaalamu wa mimea Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763, alilitia jina hilo la Kiarabu katika jina la kitaalamu la mti, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Lakini mistari miwili ya kamusi haiwezi kubeba miraa nzima. Haimo Meru, ambako maelfu ya wakulima wanasomesha watoto kwa mti huo. Haumo mwezi wa Juni 2014, Uingereza ilipoipiga marufuku na soko la London likafungwa, wala mwaka 2020, Somalia ilipoizuia mpaka 2022. Haimo mijadala ya mashekhe wetu juu ya uhalali wake, wala malalamiko ya mabibi wa Lamu na Mombasa ambao mabwana zao huingia barazani alasiri na kutoka alfajiri. Kwa mchezaji ni pointi 12. Kwa mke anayengojea pesa za unga, ni hesabu nyingine kabisa.

'Qibla' wanasema ni upande wa Makka. Naam, lakini kwa Mwislamu wa London upande huo ni kusini-mashariki, na kwetu je? Ukichora mstari kutoka Mombasa kwenda juu wima utapita karibu kabisa na Makka. Basi kwetu kibula na kaskazini ni upande mmoja, na mtu wa pwani akisimama kusali amesimama kama sindano ya dira. Na maiti wetu hulazwa wakielekezwa huko. Neno hili moja linakwambia uelekee wapi uhai na umauti.

La mwisho ni 'faqir'. Kwa Mwingereza neno hili limeleta picha ya mtu wa India aliyekonda, amekaa juu ya misumari watu wakimtazama. Kwetu fakiri ni wa mwanzo katika watu wanane wanaostahiki zaka. Na kwetu tena ni jina la heshima alilojipa mtungaji mwishoni mwa utenzi wake, akiwaambia wasomaji kwamba yeye ni mhitaji mbele ya Mola, wamwombee dua. Walikuwa mashekhe na wenye nasaba kubwa, wakaandika 'mimi fakiri' bila ya kuona haya.

Nadhani msomaji sasa anaiona hoja yangu upande wa Kiingereza. Lakini haki ni pande mbili, na lazima tujitazame na sisi.

Q ya Kirumi na qafu ya msahafu ni watoto wa mama mmoja. Wafoinike wa pwani ya Shamu ndio waliokuwa na herufi hiyo. Wagiriki waliichukua, kisha wakaiacha isipokuwa kama alama ya nambari 90. Warumi wakaibakisha na kuifunga pamoja na U. Waingereza wenyewe walikuwa hawaitumii. Neno lao la malkia waliliandika kwa C na W, mpaka Wanormani walipoitawala nchi yao mwaka 1066 na makarani wakawaletea mtindo wa Q na U. Upande wa mashariki herufi ilipita kwa Waarami mpaka ikafika kwa Waarabu, ikawa qafu yenye nukta mbili juu. Katika hesabu ya abjadi qafu ni 100. Katika Scrabble ni 10. Bei imeshuka mara kumi njiani!

Ama sisi, herufi hii tulikuwa nayo. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728 umeandikwa hivyo, na Muyaka wa Mombasa aliandika hivyo. Mwenye kalamu ya namna hiyo aliweza kuiweka qafu penye asili ya qafu na kafu penye asili ya kafu. Kisha ikaja hati ya Kirumi ya wamishonari na ya serikali, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ikausanifisha uandishi wake. Q haikupata kiti. Kafu na qafu zikavishwa nguo moja, K. Mtoto wa leo anaandika kitabu na kalamu kwa herufi moja, wala hajui kwamba kitabu kina kafu na kalamu ina qafu.

Tazama ni maneno mangapi ya qafu tunayoyasema kila siku: haki, hakika, wakati, dakika, riziki, rafiki, kabila, kauli, kisa, karatasi, sanduku, kufuli, kandili, kahawa, sadaka, kaburi, kiyama. Ukiyatoa hayo katika Kiswahili huwezi kumaliza siku moja ya maisha yako, wala kuzikwa.

Hapa ndipo wanapotokea wenzetu wengine wakasema, basi na tuirudishe Q katika Kiswahili, tuandike 'qadhi', 'haqi', 'qalamu'. Wanataja mfano wa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969, ambayo jina lake ni Qurani Takatifu, kwa Q. Mimi nawaheshimu, na jina la Kitabu kitukufu lina heshima yake mbali. Lakini katika maneno ya kawaida siafikiani nao, na sababu yangu naitoa kwa Mwingereza mwenyewe. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia kwake zamani na kuwa yake hasa, aliyavua Q. Qahwa ikawa 'coffee'. Qutni, yaani pamba, ikawa 'cotton'. Hakuna Mwingereza anayeyaona hayo kuwa ni maneno ya kigeni. Yale yaliyobaki na Q yao ni yale ambayo bado ni wageni, yanakaa ukumbini hayajaingia jikoni. Basi kadhi wetu aliyevaa K si kadhi aliyepungua. Amekuwa mwenyeji. Ana ngeli, ana wingi, ana methali. Kumrudishia Q leo ni kumwambia mtu aliyezaliwa hapa arudi alikotoka babu yake.

Lakini kuiacha Q katika uandishi si ruhusa ya kuiacha qafu katika kisomo. Huko ni kwingine. Kila aliyekaa mbele ya maalimu anajua kwamba moyo kwa Kiarabu huandikwa kwa qafu, na ukiusoma kwa kafu umekuwa mbwa. Anajua kwamba amri ya 'sema' ikitamkwa kwa kafu inakuwa amri ya kula. Sura ya 50 ya msahafu imeitwa kwa herufi hii moja na imeanza kwayo. Mtoto aliyezoea K ya Kiswahili peke yake, na asiyepelekwa chuoni kwa sababu ya masomo ya ziada ya jioni na ya Jumamosi, ataipata wapi qafu? Ataipata kwenye ubao wa Scrabble, kwa pointi 10, na ataitamka kama wanavyoitamka wenye mchezo.

Basi rai yangu ni hii. Tusigombane juu ya kuandika K au Q. Kiswahili kiendelee na K yake, na chuo kiendelee na qafu yake, na kila kimoja kikae mahali pake. La kugombea ni maana. Mwalimu wa Kiingereza wa shule za pwani anapokutana na 'waqf' au 'qadi' katika kitabu au katika mchezo, asiipite. Awaulize watoto, "Hili kwenu mnaliitaje?" Atashangaa, maana mtoto aliyekuwa kimya nyuma ya darasa, aliyeambiwa kwamba Kiingereza chake ni dhaifu, ndiye atakayejua kuliko kamusi. Na maalimu wa chuo naye asiuone mchezo ule kuwa adui. Autumie. Amwambie kijana, umeweka 'waqf' ukapata 19, vizuri. Sasa twende nikakuonyeshe kile kisima, nikwambie nani alikiweka, na kwa nini hakiuzwi.

Kuna watu watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, herufi moja na maneno manane. Nami nawauliza: wakfu zimepotea kwa mambo makubwa? Zilipotea kidogo kidogo, hati moja leo, kiwanja kimoja kesho, mikononi mwa watu waliokuwa wakilitaja neno lenyewe kila Ijumaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kwa kuwa nami ni fakiri katika mafakiri wa kalamu, nawaaga kwa ubeti mmoja:

Herufi ni kama chombo, maana ndiyo shehena,
Chombo kikivikwa pambo, na ndani kitu hakuna,
Kikifika huko ng'ambo, ni aibu kubwa sana,
Tuyatunze yetu mambo, tusibaki na majina.